Waliokwenda Kwenye Baridi: Kumbukumbu ya Jamaa Zetu wa Kanda ya Ziwa

Katika maadhimisho haya ya hekalu letu tumeombwa tuandike machache juu ya jamaa zetu waliohama. Kwa wanachama si habari ngeni, lakini majirani zetu wa Kiloleli hutuuliza hadi leo: ndugu zenu walikwenda wapi, na kwa nini? Swali hilo lastahili jibu la kweli, nalo jibu hilo halianzii Uingereza. Laanzia kwenye mizani ya pamba.

Wazee wetu walitoka Gujarat, wakavuka bahari, wakapanda hadi Usukumani. Walifungua maduka ya khanga, chumvi, sukari na mafuta ya taa, na msimu ulipofika walinunua pamba ya mkulima na kuipeleka kwenye viwanda vya kuchambulia, ambavyo vingi vilimilikiwa na Wahindi. Tusifiche: si kila mizani ilisema kweli. Wakulima walilalamika, na malalamiko yao yakazaa ushirika. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani, na baada ya miaka michache ununuzi wa pamba ukatoka mikononi mwetu. Hatuwezi kusimulia kuhama kwetu bila kulikiri hilo mbele ya majirani.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, wengi wetu tulikuwa na miaka miwili ya kuamua kama tutajiandikisha kuwa raia. Nyumba nyingi ziligawanyika: baba akajiandikisha, mwana akabaki na pasipoti ya Kiingereza. Likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Ikaja sheria ya Aprili 1971, iliyotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwaka uliofuata, kule Uganda, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na hofu ikavuka mpaka. Uingereza nayo haikuwa imefungua mlango. Mwaka 1968 ilitunga sheria ya kuwazuia hata wenye pasipoti zake, na Septemba 1972 baraza la jiji la Leicester lilitangaza katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi watu wasiende huko. Walikwenda.

Kaka yetu mkubwa aliondoka mwaka 1971. Sisi tulikuwa bado shule ya msingi. Alikuwa na sanduku moja na sweta aliyofuma mama kwa kipimo cha baridi anayoijua yeye, yaani baridi ya asubuhi ya Juni kando ya ziwa. Baba hakwenda kumsindikiza. Alisema aliyezaliwa Kiloleli hana sababu ya kuitafuta theluji.

Barua za kaka zilikuja kwenye karatasi nyembamba za buluu. Aliandika kwamba Leicester ni mji mzuri, kwamba yeye ni msimamizi, kwamba wote ni wazima. Mara moja alituma picha amesimama kando ya gari jekundu. Picha hiyo ilizunguka maduka yote ya jamaa zetu, na vijana wawili walioiona wakaanza kutafuta njia ya kwenda.

Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Letu nalo likafungwa. Baba alimwandikia kaka kuomba msaada. Zilikuja pauni tano. Baba alitazama pauni tano, akatazama gari jekundu, akaiweka picha kifudifudi ndani ya kabati. Kwa miaka kumi na mitatu hakumwandikia tena.

Kaka alirudi kututembelea mwaka 1989, baba akiwa mgonjwa. Ndipo aliposema kweli. Gari lilikuwa la mpita njia. Usimamizi haukuwapo, alifagia sakafu katika kiwanda cha soksi, zamu ya usiku. Walilala watu wanane katika vyumba viwili, wakiota moto wa heta ya mafuta ya taa, mafuta yale yale tuliyouza dukani kwa kipimo cha chupa. Desemba jua lilizama kabla ya saa kumi na moja jioni, hivyo aliingia kazini gizani akatoka gizani. Zile pauni tano alizikopa. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mbona hukuniandikia?" Kaka akajibu, "Ungeniambia nirudi, na nauli sikuwa nayo." Miezi minne baadaye baba alifariki.

Tunasimulia haya kwa sababu hayakuwa ya nyumba yetu peke yake. Wake wa wenye maduka, ambao hapa hawakuwahi kuajiriwa, kule waliingia viwandani. Mwezi Mei 1974 wafanyakazi wa Kiasia wa kiwanda cha taipureta cha Imperial, Leicester, waligoma kudai haki sawa ya malipo. Agosti 1976 Bi. Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyewahi kuishi Tanzania na mumewe, alitoka nje ya kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, London, na wenzake wakamfuata. Walisimama langoni wamevaa sari na makoti mazito, kiangazi na majira ya baridi, kwa karibu miaka miwili. Hata wachimba makaa ya mawe walikuja kuwaunga mkono. Kazi zao hawakurudishiwa, ila heshima waliipata. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao jembe walilipokea, wakadai na ujira wake.

Hawakuisahau ibada. Walianza sebuleni. Mwaka 1970 wafuasi wa Swaminarayan walifungua hekalu Islington, London, katika jengo lililokuwa kanisa. Na Agosti 1995, Neasden, likafunguliwa hekalu la mawe na marumaru iliyochongwa India. Wengi waliolichangia walitoka Afrika Mashariki. Kila tofali la huko lina zamu ya usiku ndani yake, na baadhi ya michango iliyotufikia hapa nayo ilitoka kwenye zamu hizo.

Leo vijana wetu, na vijana wa majirani zetu Wasukuma pia, wanatafuta kazi Uingereza na Kanada. Hatuwazuii, wazee wetu nao walivuka bahari. Lakini wahenga walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Basi twawaomba waendao waandike kweli nyumbani, na twawaomba wabakio waipokee kweli hiyo bila kudharau. Baridi ya Leicester ilikuwa na koti lake. Kimya cha miaka kumi na mitatu hakikuwa na koti.

Kaka yetu sasa ni mzee. Apigapo simu huanza kwa "Mwangaluka", na jirani yeyote aliye karibu humwitikia. Kwake, na kwa wote walioondoka na waliobaki, twaiweka kumbukumbu hii. Mungu aijalie amani nyumba ya kila asomaye.