Jinsi ya kujua iwapo garimoshi litafika kwa wakati

RATIBA ya garimoshi humweleza abiria saa iliyokusudiwa, wala si saa ambayo gari litafika. Tofauti hiyo huwagharimu sana wasafiri wanaounganisha safari ya reli na ndege, basi au miadi ya hospitali.

Tangu huduma ya Madaraka Express ilipozinduliwa Mei 31, 2017, treni ya kasi hutumia takriban saa tano kukamilisha safari ya kilomita 472 hivi kati ya Nairobi na Mombasa. Ile inayosimama katika stesheni za kaunti, zikiwemo Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi, huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hivyo ni sharti kwanza ujue ni treni ipi unayoiulizia.

Kabla ya safari

Isome tiketi kwa makini. Katika mfumo wa saa 24, 15:00 ni saa tisa alasiri, na 22:00 ni saa nne usiku. Anayeabiri treni ya usiku atafika tarehe inayofuata, na hiyo ndiyo tarehe anayopaswa kuambiwa mwenyeji wake.

Jioni ya kuamkia safari, hakikisha kwamba ratiba haijabadilishwa. Nambari *639# kwenye rununu hutumika kukatia tiketi, lakini kupata tiketi si hakikisho kuwa gari litaondoka kwa wakati. Mabadiliko ya ghafla hutangazwa na Shirika la Reli la Kenya katika kurasa zake za mitandao ya kijamii. Mnamo Aprili 2024, mvua kubwa ilipolilazimu shirika hilo kusitisha treni za abiria za jijini Nairobi, ratiba ya kawaida haikumfaa msafiri kwa lolote.

Gari likiwa njiani

Anayempokea mgeni aghalabu humpigia simu na kumuuliza atafika saa ngapi. Jibu huwa la kukisia tu. Heri aulize: "Mmeondoka stesheni gani, na saa ngapi?" Kisha alinganishe jibu hilo na ratiba. Iwapo treni ya kaunti imeondoka Voi ikiwa imechelewa kwa nusu saa, mwenyeji aliye Miritini atarajie kuchelewa kwa kiasi kama hicho.

Sababu ni mbili. Kwanza, treni za abiria hazizidi kasi ya kilomita 120 kwa saa, kwa hivyo dereva hana nafasi kubwa ya kufidia muda uliopotea. Pili, reli hiyo ni ya njia moja. Treni hupishana stesheni, na moja ikikawia, nyingine hulazimika kuingoja.

Nchini India, ambako mamilioni husafiri kwa reli kila siku, kanuni ni iyo hiyo: anayepiga nambari 139 huweza kuelezwa mahali treni ilipo na imechelewa kwa muda gani.

Tahadhari

Msafiri anayekwenda uwanja wa ndege au katikati ya jiji aongeze muda wa kutoka Syokimau au Miritini, kwani stesheni zote mbili ziko mbali na katikati ya miji. Vilevile afike stesheni saa moja mapema kwa ajili ya ukaguzi wa usalama. Gari lililochelewa jana si idhini ya abiria kuchelewa leo.