Kitabu cha picha kimfaacho mtoto asiyejua kusoma

KILA muhula wa kwanza unapokaribia, wazazi wa Kitale na Bungoma hupiga foleni katika maduka ya vitabu, mikononi wameshika orodha walizopewa na shule. Hununua vitabu vya kiada, madaftari na kalamu za wana walioanza masomo. Aghalabu mtoto aliyebebwa mgongoni hamo katika orodha hiyo. Mzazi hujiambia kwamba kitabu ni cha ajuaye kusoma, na kwamba zamu ya mdogo itafika atakapoingia chekechea.

Dhana hii humgharimu mtoto miaka mitatu au minne, nayo ndiyo miaka anayojifunza kusema. Kitabu cha picha hakitungwi ili mtoto mchanga akisome. Hutungwa ili yeye na mlezi wake wapate jambo la kuzungumzia. Kwa hivyo, kipimo cha kwanza cha kitabu kizuri ni hiki: je, kitawafanya wawili hao wazungumze?

Kitabu cha picha ni kipi?

Ni kitabu ambacho picha ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya maana, na maneno, yakiwapo, ni machache. Aina hii ya vitabu si mpya. Mwaka 1658 mwalimu Comenius alichapisha mjini Nuremberg kitabu chenye picha za vitu vya ulimwengu ili watoto wajifunze kwa macho.

Kiswahili nacho kimo katika historia hiyo. Muriel Feelings, Mmarekani mweusi aliyewahi kufundisha Uganda, aliandika Moja Means One, kitabu cha kuwajulisha watoto hesabu za Kiswahili kuanzia moja hadi kumi. Picha zilichorwa na Tom Feelings, na kitabu kikachapishwa mwaka 1971.

Kwingineko, kumpa mtoto mchanga kitabu limekuwa jambo la kawaida. Nchini Uingereza, mpango wa Bookstart ulianza mjini Birmingham mwaka 1992 kwa kuzigawia familia vitabu vya watoto wachanga. Mwaka 2014, chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani kiliwahimiza wazazi wawasomee watoto tangu wanapozaliwa.

Umri na aina ya kitabu

Mtoto aliyezaliwa karibuni huona vyema vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, takriban umbali wa uso wa mama anaponyonyesha. Rangi hafifu hazimvutii. Mpe picha kubwa, moja katika kila ukurasa, yenye mistari minene na weusi na weupe unaotofautiana waziwazi.

Kuanzia miezi sita hadi mwaka mmoja, kila kitu huishia mdomoni. Huu ni wakati wa kitabu cha kitambaa au cha kurasa za kadibodi ngumu, chenye pembe za mviringo. Picha ziwe za vitu anavyoviona kila siku: kikombe, kuku, mpira, uso wa mtoto anayecheka au kulia.

Baina ya mwaka mmoja na miwili, mtoto huanza kuonyesha kwa kidole na kutaja majina. Kitabu cha wanyama, chakula, nguo au viungo vya mwili kinamfaa. Vilevile hupenda maneno yenye mlio na yanayorudiwarudiwa. Akitaka kitabu kile kile mara kumi kwa siku, asikemewe. Huko kurudia ndiko kujifunza kwenyewe.

Kuanzia miaka mitatu hadi mitano, anaweza kufuata kisa kifupi chenye mwanzo, tatizo na mwisho. Chagua kisa ambacho picha zake zinamwezesha kubashiri kitakachotokea ukurasa ufuatao.

Picha za nyumbani kwanza

Si vibaya mtoto wa Kimilili au Endebess kuona picha ya theluji. Lakini akifungua kitabu cha kwanza maishani mwake na asikute humo hata kitu kimoja anachokijua, mazungumzo hufa mapema, kwa kuwa hana la kusema.

Mtafutie kwanza kitabu chenye shamba la mahindi, miwa, ng'ombe, bodaboda, soko kama la Chwele, na watu wanaofanana na jirani zake. Kisha kitabu kimpeleke mbali kidogo. Katika Mlima Elgon wamo ndovu wanaoingia gizani katika pango la Kitum kuchimba chumvi kwa pembe zao. Katika bwawa la Saiwa, karibu na Kitale, wamo nzohe, aina ya paa wapendao maji, na korongo wenye taji kichwani. Mzazi akikosa kitabu chenye viumbe hao, anaweza kuwachora mwenyewe, au kumpeleka mtoto kwenye jumba la makumbusho la Kitale akaone nyoka na mamba, kisha wakirudi nyumbani wawatafute kitabuni.

Tazama pia jinsi watu walivyochorwa. Je, wasichana wote wanachota maji huku wavulana wote wakiendesha trekta? Je, mzee au mlemavu amechorwa ili achekwe? Mtoto huamini anachokiona hata kabla hajajua kukisoma.

Lugha ipi?

Swali hili huwasumbua wengi. Katika Bungoma na Trans Nzoia, mtoto mmoja anaweza kusikia Lubukusu kwa nyanya yake, Kisabaoti kwa jirani na Kiswahili sokoni. Wazazi wengi hukimbilia kitabu cha Kiingereza wakidhani ndicho kitakachomtanguliza shuleni. Hata hivyo, tume ya elimu iliyoongozwa na Gachathi ilipendekeza tangu mwaka 1976 kwamba madarasa ya kwanza yafundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule.

Kwa mtoto mchanga jibu ni jepesi: lugha bora ni ile ambayo mlezi huzungumza bila kujikaza. Mama aonyeshaye picha ya ng'ombe na kusema "ekhafu", kisha akaeleza anavyokamuliwa, anavyolia na anachokula, humpa mtoto maneno mengi kuliko yule asemaye neno moja la Kiingereza na kunyamaza. Kitabu chenye maneno machache huwa na faida hapa, kwani kila mlezi anaweza kukisimulia kwa lugha yake.

Vitabu vya lugha za kienyeji ni haba madukani. Tangu mwaka 2014, mradi wa African Storybook umekuwa ukiweka katika intaneti hadithi za picha zinazosomwa bila malipo, zikiwemo za Kiswahili na za Lubukusu. Huweza kusomwa kwenye simu au kuchapishwa kwenye karatasi.

Nyanya asiyejua kusoma

Watoto wengi hubaki na nyanya zao wazazi wanapokwenda shambani au kazini, na baadhi ya nyanya hao hawakupata nafasi ya kwenda shule. Je, kitabu kina faida gani kwao?

Utafiti uliofanywa katika vijiji vya magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2020 ulitoa jibu la kutia moyo. Walezi walipewa vitabu vya picha vilivyotayarishwa kwa mazingira yao, wakafunzwa namna ya kuvizungumzia na watoto. Watoto walijifunza maneno mapya yaliyokuwa vitabuni, na wale ambao walezi wao hawakujua kusoma walinufaika angalau sawa na wenzao.

Mbinu yenyewe haihitaji herufi. Muulize mtoto: "Huyu ni nani? Anafanya nini?" Subiri ajibu, hata kama jibu ni mlio tu. Likubali jibu lake na kuliongezea kidogo. Akisema "kuku", mwambie, "Ndiyo, kuku mweusi ana vifaranga." Kisha mwache alirudie.

Kabla ya kulipa

Vitabu si rahisi, hasa tangu sheria ya mwaka 2013 ilipovitoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kwa hivyo, usikinunue kwa kuvutiwa na jalada pekee. Kifungue na ukitazame mwanzo hadi mwisho bila kusoma neno. Ikiwa picha zenyewe hazikupi la kusema, kirudishe. Vuta kurasa polepole uone kama zimeshikamana. Hakikisha hakuna waya unaochomoza wala kifungo kinachoweza kung'oka na kumkaba mtoto. Sugua picha kwa kidole kilicholowa. Rangi ikitoka, itaingia tumboni mwake.

Asiye na fedha za kitabu anaweza kukitengeneza. Webuye, mji wa Bungoma ambao kiwanda chake kiliipa Kenya karatasi tangu mwaka 1974 hadi kilipofungwa mwaka 2009, unajua vyema kwamba kitabu huanzia kwenye karatasi tu. Kata katoni safi vipande sita vilivyo sawa. Bandika picha za kalenda kuukuu au za jamaa wa nyumbani, kisha toboa matundu na kufunga kwa uzi imara uliokazwa. Kitabu chenye sura ya baba, shangazi na mbwa wa nyumbani huenda kikampendeza mtoto kuliko vingi vya dukani.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyezoea kupakatwa na kuonyeshwa picha hataogopa kitabu atakapofika darasani, kwa kuwa atakuwa amekizoea tangu utotoni kama kitu cha furaha. Dakika kumi za jioni, kabla ya taa kuzimwa, zatosha kuanzia.