Koltani na Vijiji vya Masisi

Kabla ya vita vya miaka ya 1990, milima ya Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, ilijulikana kwa ng'ombe, jibini na maharagwe. Vita vilimaliza sehemu kubwa ya mifugo. Penye malisho, hasa kandokando ya Rubaya, pakachimbwa mashimo.

Koltani (jina lenyewe ni mkato wa kolumbiti na tantaliti) hutoa tantali, metali itumiwayo katika simu na kompyuta. Mwaka 2000 viwanda vya ng'ambo viliogopa upungufu, na bei ya tantali ikapanda karibu mara kumi. Vijana wa Kivu waliacha jembe na daftari, wakashika sururu na beleshi. Chakula kikawa ghali palepale kilipozoea kulimwa. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Shamba lililokwisha kuwa shimo halikuweza kuifuata.

Wala si soko tu lililoamua. Julai 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzilazimisha kampuni zieleze asili ya madini yao. Septemba, Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Nia, ambayo haina lawama, ilikuwa kuwanyima wenye silaha mapato. Lakini mchimbaji asiye na bunduki wala ng'ombe ndiye aliyekosa karo ya watoto.

Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya, wakaanza kutoza kodi juu ya madini hayohayo.