Njia Iliyoanzia Kwenye Mikoko

Huku kwetu Levolosi, Arusha, mtu akisema anakwenda pwani, anazungumzia basi. Anakata tiketi, anapanda alfajiri, anasinzia Same, anaamka Tanga. Nilifundisha jiografia mpaka nikastaafu, na watoto wengi wa Kaloleni, Ngarenaro na mtaani kwangu niliowafundisha waliichukulia bahari kama mali ya watu wengine. Nilikuwa nawatoa darasani nikawaonyeshe mto. Maji haya ya Naura, na mifuko yake ya plastiki, yanaingia Themi. Themi inaingia Kikuletwa. Kikuletwa inakutana na Ruvu itokayo Ziwa Jipe kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto unaitwa Pangani hadi unapomwagika Bahari ya Hindi, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Hata yale madini ya floridi yanayowatia watoto wa Meru meno ya kahawia husafiri na maji hayo.

Maji yanateremka. Watu walipanda kinyume chake, kwa miguu, na safari yao ilianzia topeni.

Tope lenyewe nimefundishwa kulikanyaga na baba mkwe wangu, mzee wa Bweni, ng'ambo ya mto ukitokea mji wa Pangani. Mara ya kwanza nilifika na viatu vyangu vya ualimu, vya ngozi. Akavitazama. “Vua, Mwalimu. Hivyo ndivyo vitakavyokuzamisha.” Tukaingia mikokoni maji yakiwa yanapwa. Aliniambia nisiliamini tope linalong'aa. Nikanyage penye mashimo mengi ya kaa na mizizi iliyosukana. Mkoko una miguu iliyopinda kama ya buibui, huo unaushika kwa mkono ukapita. Mchu hutoa vijiti vinavyosimama wima topeni kupumulia, navyo huchoma unyayo vizuri sana. Nyuma ya miti tukatokea kwenye uwanda mweupe wa chumvi usioota kitu, mgumu, ambao bahari huufikia wakati wa bamvua tu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Hapo mzee akaanza kutembea kwa kasi ya kijana. Alikuwa anahesabu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Asiyejua hesabu hiyo atavuka hori asubuhi likiwa maji ya kifundo cha mguu, na alasiri atalikuta limejaa, akae ng'ambo mpaka lipwe tena.

Katika karne ya 19 Pangani nzima iliishi kwa hesabu hiyo. Mdomo wa mto una fungu la mchanga, na chombo chenye shehena kiliingia maji yakijaa. Kutoka Unguja vilishuka vitambaa vya merikani, ushanga na nyaya za chuma na za shaba. Bidhaa hizi hazikuchaguliwa ovyo: Wamasai walijua wanachotaka, na ushanga wa rangi ambayo mwaka huo haipendwi ulikuwa mzigo wa bure. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, kilo 30 na ushee, begani au kichwani. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu, na walishuka watu pia, wamefungwa, wengine wa kupelekwa Unguja na Pemba, wengine wa kubaki hapo hapo kulima miwa kwenye mashamba yaliyopakana na mto. Anayesimulia uzuri wa Pangani ya kale akaiacha miwa hiyo, simsikilizi.

Msafara ulipouacha mji ulifuata bonde: Chogwe, ambako Waingereza Burton na Speke walipita mwaka 1857 wakielekea Fuga, milimani Usambara, kisha Korogwe, kisha Mazinde kwa chifu Semboja wa ukoo wa Kilindi, aliyejua thamani ya kukaa njiani. Hakupita mtu Mazinde bila hongo. Baada ya hapo ni nyika chini ya milima ya Upare, kiu, mpaka uwanda wa mto chini ya Kilimanjaro.

Hapo ndipo sisi tunapoingia. Watu wa misafara walikuwa na Arusha mbili: Arusha Chini, kusini ya Moshi, mahali ambapo leo kuna miwa ya TPC, na Arusha Juu, kwenye miteremko ya Meru. Waarusha wa mlimani husimuliwa kuwa walitoka hiyo ya Chini katika miaka ya 1830, wakafyeka msitu, wakapanda migomba. Kwa msafara uliotoka nyikani, miteremko hiyo ilikuwa chakula. Kina mama walishuka na ndizi na maharage, wakapandisha ushanga na nyaya. Ukishajaza magunia hapa ndipo unapoingia Umasaini. Kwa hiyo ule uchangamfu wa soko la Kilombero hapa mjini, kelele za bei na mizigo vichwani, mimi siuoni kama zao la lami. Biashara ya chakula cha mlimani kwa wapita njia ilikuwapo hapa kabla ya Mjerumani kuchimba msingi wowote.

Wazungu walioandika juu ya njia hii waliifuata ikiwa imeshachongwa. Gustav Fischer alitoka Pangani mwishoni mwa 1882 akapita huku akaenda hadi Naivasha. Teleki na von Höhnel walianzia Pangani mwaka 1887, wakafika Meru, na mwaka uliofuata wakalipa ziwa la kaskazini jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf. Leo ni Turkana. Vitabu vinawataja wao kwanza. Mimi darasani nilikuwa naanza na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani, aliyewasaidia Teleki na Mzungu mwingine, Thomson, kwa sababu yeye alikuwa ameshakwenda na kurudi kabla yao. Njia ilikuwa kichwani mwake. Wao walikuwa na dira na kalamu.

Mwaka 1888 mlango wa mto ulifungwa kwa vita. Kampuni ya Wajerumani ilitaka kupandisha bendera yake na kukusanya ushuru Pangani, mji ukakataa, na Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa, akawa kiongozi. Wasafiri wa Kizungu Hans Meyer na Oscar Baumann wakakamatwa, wakaachiwa kwa fidia. Mwaka 1889 Meyer alirudi, akapitia Mombasa, na Oktoba akafika kilele cha Kibo, Kilimanjaro. Desemba mwaka huo huo Abushiri akanyongwa Pangani.

Lakini bunduki haikuiua njia ya Pangani. Reli ndiyo iliyoiua. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Moshi 1911, na Arusha 1929. Tanga ina ghuba yenye kina, na reli haina haja ya kungojea maji yajae. Boma la Arusha lilikuwa limeshajengwa mwaka 1900, na mji ukakua ukiangalia kituo cha treni. Pangani ikabaki na mkonge, uliopandwa kwanza Kikogwe, ng'ambo ya mto, kwa miche 62 iliyosalimika safarini kutoka Florida, na boriti za mikoko zilizokuwa zikipelekwa Uarabuni kuezekea nyumba.

Kuna jambo lililobaki la njia hiyo, nalo linasafiri kwa maji. Mabwawa ya umeme yalijengwa mtoni, Hale mwaka 1964, Nyumba ya Mungu ndani ya muongo huo huo, na huku juu kila mtu anachota: mifereji ya Wameru, mashamba ya maua ya Usa River, mabomba ya jiji. Maji baridi yakipungua, bahari inapanda. Chumvi imeingia mtoni hadi mahali ambapo baba mkwe alikuwa akichota maji ya kunywa ujanani, na minazi yake ya ukingoni imekauka vichwa. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina ofisi yake Moshi, upande wa juu. Wakati wa kiangazi, aliniambia, kinamama wa Bweni hungoja maji yapwe kabisa ndipo wachote, maana hapo mto huwa na chumvi kidogo. Aliniuliza sisi Arusha kiangazi tunachota saa ngapi. Nikamwambia tunafungua bomba.