Majina Yasipotee: Wiki Moja ya Kuandika Historia ya Familia



Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaueleza mwaka wa yubile kuwa mwaka wa kurudi: kila mtu kwenye milki yake na kwa jamaa yake. Kwetu sisi wa Nyayo Highrise neno hilo lina swali ndani yake. Watoto wetu waliozaliwa kwenye ghorofa hizi watarudi kwa jamaa gani, ikiwa hawawezi kumtaja baba wa babu yao?

Wapo wazee walioifanya kazi hii ya majina kuwa utumishi. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililotambuliwa na serikali ya Kenya mwaka 1991, hutuma wamisionari wazee, mume na mke waliostaafu, wanaojilipia gharama zao. Baadhi yao hupewa kazi ya historia ya familia. Kazi yenyewe ni ya siku nyingi. Chama chao cha nasaba kilianzishwa mjini Salt Lake City, Marekani, mwaka 1894. Mwaka 1938 kilianza kupiga picha za rejista na kuzihifadhi kwenye filamu, na kufikia 2021 mikanda ya filamu ipatayo milioni 2.4 ilikuwa imeingizwa kwenye kompyuta. Wao husukumwa na mafundisho yao kuhusu wafu, ambayo makanisa mengine hayayafuati. Hata hivyo, namna yao ya kufanya kazi yaweza kumfaa kila mmoja wetu.

Huko Ulaya, mtafiti aweza kuanzia kwenye rejista ya ubatizo ya karne zilizopita. Kwetu mengi yamo vichwani mwa wazee. Ndiyo maana katika nchi kama Ghana shirika lao la FamilySearch huwatumia wahoji wanaoketi na mzee, wakarekodi sauti yake na kuandika ukoo wake jina kwa jina.

Wiki ya kazi hiyo yaweza kwenda hivi. Siku ya kwanza mtu hujiandika mwenyewe, kisha wazazi, kisha babu na nyanya wa pande zote mbili. Siku zinazofuata humwendea mzee. Haulizwi tarehe kwanza, kwa sababu wengi hawana. Huulizwa alizaliwa kabla au baada ya njaa gani, vita gani, mvua gani. Majina yenyewe husaidia. Mjaluo akiitwa Otieno, tunajua alizaliwa usiku. Akiitwa Okoth, mvua ilikuwa ikinyesha. Kwa Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, kwa hiyo orodha ya watoto hutuonyesha kizazi kilichotangulia. Kisha vyeti vya ubatizo, barua na picha za zamani hupigwa picha. Mwisho wa wiki mzee husomewa yote yaliyoandikwa ili arekebishe.

Hapa Kibera jambo hili halijawahi kuwa la kujifurahisha tu. Wanubi, wazao wa askari wa King's African Rifles waliopewa makao kwenye msitu huu mwanzoni mwa karne ya 20, wamejua uchungu wake. Kijana wao akiomba kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya uchunguzi na kutakiwa aonyeshe karatasi za wazazi, hata za babu. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi. Mwaka 2017 jamii hiyo ikapewa hatimiliki ya ekari 288. Kwao jina la babu lilikuwa mlango wa kupata uraia. Nasi wengine, tuliotoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na kwingineko, karatasi zetu zimeungua katika moto wa mabanda au kupotea wakati wa kuhama, na wazee wenye kumbukumbu wanazidi kupungua.

Biblia inawajua waimbaji kwa majina. Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 25, inawaorodhesha waimbaji wa Daudi chini ya baba zao, Asafu, Hemani na Yeduthuni, jumla yao 288. Ezra, sura ya 2, inawahesabu waimbaji 128 wa ukoo wa Asafu waliorudi kutoka uhamishoni. Sura hiyo hiyo inataja makuhani waliotafuta majina yao katika orodha ya nasaba wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani.

Basi, baada ya sherehe hizi, tutenge wiki moja. Kila kijana wa kwaya achague mzee mmoja, wa nyumbani au wa kanisani, amrekodi kwa simu, kisha ayaandike majina kwenye daftari kwa kalamu, maana simu huibiwa. Wanakwaya wa kwanza watuambie pia ni nani waliosimama nao katika sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, wakiwemo waliolala. Jumapili ya wiki hiyo majina yote yasomwe mbele ya kanisa, na daftari likabidhiwe kwa katibu wa kwaya.