Akiba ya Mbale

Aghalabu husikika kwamba mgodi fulani una wakia milioni kadha wa kadha za dhahabu, na msikilizaji, maadamu hakuelezwa zaidi, hudhani kwamba dhahabu hiyo yote imekwisha kuonekana na yangoja kuchimbwa tu. Ilhali kwa wenye elimu ya madini idadi hiyo haina maana mpaka ibainishwe ni ya daraja gani.

Mbale, kama waitavyo wachimbaji wa Geita, ni mawe yaliyochukua madini, na neno hilo halina mshindani. Tatizo ni neno la kuitangulia mbale, la kutaja kile kiasi kilichokwisha kuthibitika kwamba kitachimbwa kwa faida. Wako wasemao hazina, lakini hazina yaweza kufichika hata mwenyewe asijue kadiri yake. Wengine husema mashapo, ambayo asili yake ni machicha yatuamayo chini, na ambayo leo katika maandiko ya ofisi hutajwa kwa kila kilichomo ardhini, kichimbike kisichimbike. Mimi nashika akiba, kwa kuwa mtu haweki akiba ila kitu alichokwisha kukipima na kujua atakitumiaje. Na kile kipana zaidi, ambacho faida yake haijathibitika, na kiitwe rasilimali.

Kanuni za JORC za Australia za kutangazia akiba za madini, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 1989, huipanga rasilimali katika madaraja matatu ya yakini: ya dhana, iliyoashiriwa na iliyopimwa. Ya dhana haiwi akiba kabisa mpaka uchorongaji uongezwe. Iliyoashiriwa huweza kuwa akiba ya yamkini. Iliyopimwa huweza kuwa akiba thabiti.

Yakini hiyo huanzia katika jiwe lenyewe. Choronge, yaani kile kigogo cha mwamba kitolewacho kwa kuchoronga, hupasuliwa kwa msumeno katikati, nusu ikahifadhiwa kisandukuni, nusu ya pili ikasagwa kama unga na kuyeyushwa tanuruni pamoja na oksidi ya risasi, hata risasi ikaikusanya dhahabu. Kisha risasi hiyo hunywewa na kikombe kidogo cha majivu ya mifupa, ikabaki chembe ya kupimwa katika mizani sikivu kabisa. Tuchukue sasa bonge la mwamba lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 20 na kimo cha mita 10: kila mita ya ujazo ikiwa na tani 2.7, bonge zima ni tani 27,000, na kwa gramu 3 katika kila tani, dhahabu yake ni kilo 81. Hesabu ni nyepesi, walakini mashaka yote yamo katika zile gramu 3, zilizotokana na vipande vichache mno vikisemea maelfu ya tani. Mhandisi Danie Krige wa Afrika Kusini alionyesha mwaka 1951, kwa takwimu za migodi ya Witwatersrand, kwamba mabonge yaliyokadiriwa kuwa tajiri kwa kawaida hutoa pungufu ya makadirio, na yaliyokadiriwa kuwa maskini hutoa zaidi. Na juu ya kazi hiyo Mfaransa Georges Matheron akajenga nadharia nzima ya makadirio.

Ile nusu ya kisandukuni nayo si anasa. Huko Busang, Indonesia, kampuni ya Bre-X ya Kanada ilisaga choronge zima zima, pasipo kubakiza nusu ya kurudiwa, ikatangaza makumi ya mamilioni ya wakia. Mwaka 1997 wakaguzi huru walipochoronga upya hawakuona dhahabu ya maana, na ikadhihirika kwamba sampuli zilitiwa dhahabu ya kutoka nje. Watu wengi walipoteza mali zao.

Hata pasipo hiana, akiba haikai mahali pamoja. Ili mwamba uingie humo, lazima bei ya dhahabu, gharama ya kuchimba na kusaga, kiasi kipoteacho kinuni, maji, umeme na leseni vyote vikubali; kimoja kikitiliwa shaka, hata iliyopimwa huandikwa ya yamkini. Na bei ikianguka, kiwango cha chini cha gramu zinazolipa hupanda, na mabonge yaliyo chini ya kiwango hicho hufutwa katika akiba na kurejeshwa katika rasilimali, ijapokuwa hakuna jiwe hata moja lililosogea.