Pingili za Namikonga

Muhogo una magonjwa mengi, lakini mmoja una hila kuliko yote. Batobato hujitangaza: jani hujikunja, hupata mabaka ya njano, na mkulima huyaona akiwa bado njiani kwenda shambani. Michirizi ya kahawia haifanyi hivyo. Dalili yake ni manjano hafifu kandokando ya vishipa vya jani, tena majani ya chini, yale ambayo yangepukutika kwa uzee hata kama yangekuwa mazima. Shina limesimama, shamba linapendeza. Siku ya kung'oa ndipo mtu anapokata mzizi na kukuta ndani vidonda vikavu vya rangi ya kahawia, vigumu kama gome. Akibahatika, hukata kipande kibovu akatupa. Asipobahatika, hutupa mzizi mzima.

Kwa watu wa Kilwa na Lindi jambo hili si dogo, kwa sababu muhogo kwao ni akiba iliyomo ardhini. Nafaka huwekwa ghalani, na ghala huchomwa. Vita vya Majimaji vilivyoanza mwaka 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi wilayani Kilwa, vilifuatwa na njaa kubwa kwa sababu majeshi ya Wajerumani yaliteketeza vijiji na chakula kilichokuwamo. Mzizi ulio chini ya udongo una usalama wake. Ndiyo maana ugonjwa unaouozesha humo humo ardhini, huku majani yakidanganya, ni adui wa namna ya pekee.

Miaka mitatu kabla ya vita hivyo, mwaka 1902, Wajerumani hao hao walikuwa wamefungua taasisi ya utafiti wa kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara. Haikufunguliwa kwa ajili ya muhogo wa mtu wa Kilwa. Ilifunguliwa kwa ajili ya mazao ya walowezi: katani, kahawa, na mpira. Biashara ya mpira ilikuwa inafahamika vizuri huku kusini. Mpira wa msituni, uliogemwa kutoka mimea itambaayo huko Donde, ulikuwa ukipitia bandari za pwani ya Kilwa na Lindi. Lakini walowezi walitaka mpira wa shambani, wakapanda mti kutoka Brazili uitwao mpira wa Ceará. Mwaka 1913 bei ilianguka, mashamba yakaachwa, na miti ikabaki bila kazi.

Msomaji aukumbuke mti huo, maana ni ndugu wa muhogo. Wote wawili ni wa ukoo mmoja, na wote walitoka ng'ambo ya Atlantiki.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Amani ilipita mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1928 alifika hapo mtaalamu wa magonjwa ya mimea aitwaye H. H. Storey. Alikuwa ametoka Afrika ya Kusini, alikochunguza ugonjwa wa milia ya mahindi na mdudu anayeueneza. Mwaka 1936 ndiye aliyeandika kwa mara ya kwanza juu ya michirizi ya kahawia ya muhogo, ugonjwa ambao wakulima wa pwani bila shaka walikwisha kuuona kwa macho yao kabla haujapewa jina kwenye karatasi. Mwenzake, R. F. W. Nichols, alieleza mwaka 1950 kwamba ugonjwa huu ni wa nchi ya chini: unafuata pwani kutoka Kenya hadi Msumbiji.

Walijaribu aina za muhogo kutoka pande nyingi za dunia, na hazikuwatosheleza. Hapo wakaugeukia ule mti wa mpira uliosahauliwa. Waliuzalisha pamoja na muhogo, kisha watoto wake wakazalishwa tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, ili ukali wa mti upungue na mizizi minene irudi, lakini nguvu ya kuhimili virusi ibaki. Ilikuwa kazi ya polepole mno. Mmoja wa watoto hao alipewa namba 46106/27. Mwaka 1957 mpango wa muhogo wa Amani ulifungwa. Baadhi ya mbegu zilikuwa zimekwisha kupelekwa Nigeria, zikazaa aina zilizopata sifa Afrika Magharibi. Mengine yaliachwa yajitafutie.

Sehemu inayofuata ndiyo inayonivutia mimi kuliko zote. Muhogo haupandwi kwa mbegu. Mkulima hukata pingili, akampa jirani, jirani akampa shemeji yake. Kusini mwa Tanzania kuna muhogo uitwao Namikonga, ambao wakulima waliendelea kuupanda kwa sababu mizizi yake haikuwaangusha. Pwani ya Kenya kuna mwingine uitwao Kaleso. Watafiti waliporudi kuushughulikia ugonjwa huu kwa dhati, kuanzia miaka ya 1990, ilikuja kubainika kuwa Namikonga na Kaleso ni mmea mmoja, na kwamba mmea huo ni 46106/27 wa Amani. Mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba vya mihogo mingi ulionyesha vipande vya mpira wa Ceará vikiwa bado vimo ndani ya mihogo ya Afrika. Kituo kilifungwa, namba ikasahauliwa, lakini watu ambao hawakuwa na daftari wala mshahara waliutunza mmea wenyewe kwa miongo kadhaa.

Walirudi kwa dhati kwa sababu ugonjwa haukukaa pwani tena. Mwaka 2001 virusi vyake vilitambuliwa, na leo tunajua ni vya aina mbili. Kuanzia mwaka 2004 ulionekana Uganda, katika nchi ya juu ya zaidi ya mita 1,000, ambako zamani ilidhaniwa hauwezi kukaa. Inzi weupe wanaueneza, lakini binadamu anaueneza mbali zaidi, kwa ile ile pingili ya ukarimu.

Siku hizi kazi ya Storey inafanywa kwa utaratibu mwingine. Kijana aliyemaliza shahada ya uzamivu huajiriwa na maabara kwa mkataba, mara nyingi wa miaka miwili au mitatu, achunguze jambo moja. Moja ya maabara zinazoshughulika na muhogo kwa namna hii imo katika kituo cha Donald Danforth, mjini St. Louis, Marekani, ambako muhogo hauoti nje. Somo mojawapo huitwa epijenetiki. Wazee wetu waliosoma chuoni wangelielewa upesi kwa mfano wa irabu. Herufi za neno ni zile zile, lakini alama ndogo zilizo juu na chini yake ndizo zinazoamua litamkwe vipi. Vinasaba navyo vina alama ndogo za namna hiyo, ambazo hufanya jeni moja isomwe na nyingine inyamaze. Na kwa kuwa muhogo hupandwa kwa pingili, yaani mwili ule ule ukiendelea, ni haki mtu kuuliza kama alama hizo nazo zinasafiri pamoja nao.

Mwaka 2016 wanasayansi walitoa taarifa ya ajabu. Mihogo fulani yenye kinga dhidi ya batobato ilipokuzwa upya kutoka tishu ndogo ndani ya maabara, ilipoteza kinga yake. Herufi zilidhaniwa ni zile zile, kwa hiyo wengi walishuku irabu. Alama hizo zikasomwa katika vinasaba vyote, na hazikutoa jibu. Mwaka 2022 ilionekana kwamba kinga yenyewe inatokana na badiliko la herufi moja katika jeni inayohusika na kunakili vinasaba. Mtu aliyekuja kutafuta alama akakuta herufi. Nadhani hayo ni matokeo ya heshima, ingawa sijui mkataba wa mtu kama huyo unayapimaje. Mwaka uliofuata irabu zikapata siku yake: watafiti walifaulu kuweka alama mahali ambapo bakteria wa muhogo hushika ili kufungua mlango wa sukari ya mmea, na ugonjwa ukapungua.

Sina ugomvi na maabara za mbali. Ninachokitilia shaka ni saa wanayotumia kupima. Storey alikaa Afrika Mashariki zaidi ya miaka 20, na huenda asingeuona mti wa mpira kama dawa ya muhogo angekuwa na miaka miwili tu. Virusi vya Kilwa havijui mwaka wa fedha.

Huku kwetu kazi ya Namikonga inaendelea Naliendele, karibu na Mtwara. Watafiti waliuzalisha na muhogo uitwao Albert, ambao huoza kwa urahisi, wakapanda watoto wao Naliendele na Chambezi karibu na Bagamoyo, ili wajue ni sehemu ipi ya vinasaba inayolinda mzizi. Vinasaba vilisomwa kwa mashine. Mizizi haikuweza kusomwa hivyo. Ilibidi iachwe ardhini mwaka mzima, ing'olewe, ikatwe kwa kisu kimoja kimoja, na kila kipande kitazamwe kwa macho na kupewa alama kuanzia 1, yaani kizima, hadi 5. Kwa mkataba wa miaka miwili, hayo ni mavuno mawili, kama mvua zote mbili zitanyesha.